Kwenda Yabolinga Kutafuta Nyumba Zilizofutwa

Asubuhi ile ya Jumatano tulikuwa watu wanne chumbani, na ninawataja wote kwa sababu wote walisikia nilichosema. Alikuwapo mama Georgette, anayeongoza mkutano wa mashirika ya msaada hapa mjini Kisangani. Alikuwapo Fiston, kijana wa kompyuta anayetunza ramani. Alikuwapo papa Lokinda, nahodha wa boti ya mizigo. Wa nne nilikuwa mimi, Mwamini wa Mangobo, mwandikishaji wa kaya zilizopigwa na mafuriko.

Ninyi mnaonijua mnajua kwamba sikusoma sana. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo zangu watatu. Niliuza mikate sokoni miaka mingi kabla ya kupewa kazi hii ya kutembea na simu ya shirika, nyumba kwa nyumba, nikiuliza majina.

Fiston alikuwa amewasha ramani ukutani. Ramani ile ni ya mashirika yote kwa pamoja. Kila kijiji kina duara lake: likiwa jekundu, watu hawajapata kitu, likiwa la njano, kuna aliyejitolea kwenda, likiwa la kijani, wamepata. Ukubwa wa duara unaonyesha idadi ya kaya. Zamani, kabla ya ramani hiyo, mto ulipopanda, mashirika matatu yalileta sabuni kwenye barabara yetu moja huko Mangobo, na bonde la pili wakaoga maji matupu. Sasa shirika likitaka kwenda mahali, linatazama kwanza nani ameshakwenda. Siku zile mto ulikuwa umekula vijiji vingi vya ukingo wa kushoto, kwa hiyo maduara mekundu yalijaa ukutani kama upele.

Nikatafuta Yabolinga, kijiji nilichoandika wiki mbili kabla. Nilitafuta duara kubwa. Nikakuta nukta, na kando yake namba moja.

“Yabolinga iko na kaya moja,” Fiston alisema alipofika hapo. “Watu sita.”

“Kwa kaya moja siingii ule mkono wa mto,” papa Lokinda akasema. “Mafuta itaishia njiani. Tupite.”

Mama Georgette akaanza kuandika. Nikasimama.

“Niliandika arobaini na moja,” nilisema.

Fiston, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, alibonyeza, akasoma, akanitazama. “Zilifika arobaini na moja, yaya. Zote na namba moja ya simu. Mashine ilifikiri ni mutu mumoja anajiandikisha mara arobaini na moja. Ilizikunja zikawa moja, na ile moja ikaifunga kwa uchunguzi.”

Nilijua namba ile ni ya nani, na nilijua nani aliiweka.

Nieleze. Fomu ya simu ilikuwa inadai namba ya mwenye kaya, na bila namba haikusogea mbele. Kwenye mafunzo tulielezwa kwamba mtu asiye na simu aandikiwe sifuri kumi. Lakini mimi tangu utoto nimeandikwa kwenye karatasi za watu: baba hana, mama hana. Sikupenda kumwandikia mtu mzima sifuri kumi machoni pake. Na Yabolinga wana utaratibu wao. Yuko mzee mmoja, papa Saidi, anayechaji simu za watu kwa sola. Wenye simu waliziacha kwake zimezimwa, wasio nazo walikuwa wengi zaidi, na simu yake peke yake ndiyo iliyowaka mchana kutwa. Mtu wa Kisangani akitaka kumpata nduguye wa Yabolinga, anapiga kwa Saidi, naye Saidi anatuma neno. Kwa hiyo nilipouliza namba, kila nyumba ilinijibu vilevile: weka ya papa Saidi, atatuita. Nikaweka. Niliona nimewatendea haki kuliko kuwawekea sifuri.

Nikayasema yote hayo mbele ya wale watatu. Mama Georgette aliweka kalamu chini.

“Zinaweza kukunjuliwa?” akamwuliza Fiston.

“Kinshasa tu. Nikiandika leo watajibu wiki ijayo. Kama watajibu.”

“Na orodha ya boti?”

“Inafungwa kesho saa kumi na moja jioni. Boti inaondoka Ijumaa asubuhi mapema. Kisha inapanda juu ya mto, na kurudi huku chini haijulikani lini.”

Yabolinga walikuwa wanakunywa maji ya mto yenye choo. Nilipowaacha, watoto wawili walikuwa tayari wanaharisha.

“Nipeni simu na kesho,” nikasema. “Nitawaandika upya.”

Mama Georgette alichukua tena kalamu. “Mwamini, ukichelewa hata dakika kumi mimi siwezi kuifungua orodha. Ikifunguliwa kwa mmoja itafunguliwa kwa wote.”

“Nimeelewa, mama.”

Fiston alinichapia kadi hamsini za mistari, zile ambazo simu inazisoma kwa kamera. Kila kaya ingepata kadi yake badala ya namba ya simu. Zilimaliza kuchapwa jioni, na tangu mto ulipopanda mitumbwi haivuki tena jioni. Ilibidi nisubiri kesho.

Alhamisi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mangobo. Mdogo wangu Neema alikuwa ameshawasha moto. Alinifungia lituma, ndizi za kupondwa, kwenye jani, akaketi akinitazama nikikaza viatu.

“Yaya, hawawezi kutuma mutu mwingine?”

“Mtu mwingine hazijui nyumba.”

“Na bakikufukuza?”

“Nitarudi kuuza mikate. Kwani uliona aibu nilipokuwa nauza?”

“Nilikuwa naona njaa,” alisema, tukacheka kidogo, nikatoka.

Saa kumi na mbili na robo, ukingoni. Mto haukuwa na rangi ya mto. Ulikuwa rangi ya chai ya maziwa iliyomwagika, na juu yake yalishuka magugu makubwa kama vitanda. Mpiga kasia alitupakia watu tisa na mbuzi mmoja. Nilikuwa nimefunga simu kwenye mifuko mitatu ya plastiki, moja ndani ya nyingine, nikaibana chini ya kwapa kama mtoto mwenye homa. Tulilenga Lubunga, ng’ambo ya pili, tukateremkia chini sana ya Lubunga, na ilituchukua nusu saa kutembea kurudi kwenye pikipiki.

Saa moja na nusu. Dereva wa pikipiki alikubali kunipeleka hadi njia itakapokataa. Tulipita mashamba ya mihogo yaliyogeuka vinamasi. Mahali pawili tulishuka tukaibeba pikipiki, yeye mbele, mimi nyuma, matope hadi magotini. Nilikuwa nikihesabu kwa sauti mgongoni mwake. Kaya moja inataka dakika sita: majina, idadi, picha, mahali, kadi. Kaya arobaini na moja ni saa nne na ushee. Kila dakika ya matope niliitoa humo.

Saa tatu njia ikakataa. Mbele yetu barabara iliingia majini na haikuonekana inakotokea.

“Mama, hapa panaomba pirogi,” dereva alisema, yaani mtumbwi, akapigapiga tangi la pikipiki. “Hapaombi moto.”

“Jaribu kidogo mbele.”

“Nikijaribu, tutakuwa kaya ya arobaini na mbili.”

Aligeuza. Nilibaki nimesimama kwenye ukingo wa maji. Robo saa nzima hakupita mtu. Kisha ukaja mtumbwi mdogo kutoka upande wa mashamba, na mwanamke akiusukuma kwa mti mrefu. Nilimtambua kabla hajanitambua: mama Amisa, mke wa papa Saidi. Alikuwa ametoka kutafuta mihogo, akapata kikapu nusu.

“Weye,” alisema. “Mwenye simu kubwa.”

“Ni mimi, mama. Naomba unipeleke nyumbani.”

“Ingia. Kaa katikati. Usiguse mihogo.”

Alisukuma muda mrefu. Kisha akaanza, bila kugeuka. “Boti ilipita Jumapili. Tulitoa bitenge, tukapunga. Watoto balipiga makelele. Ilipita tu. Bwana yangu akasema subirini, iko orodha, yule binti alituandika. Kila siku anasema iko orodha.”

Niliweza kungoja hadi tufike, nikamwambie Saidi kwanza. Nikaona kuwa kungoja ni kujificha.

“Mama, orodha iliharibika. Niliiharibu mimi. Niliweka namba ya papa Saidi kwa kila mtu, mashine ikadhani ni mtu mmoja anaiba.”

Mti ulisimama majini. Mtumbwi ulizunguka polepole.

“Bwana yangu mwizi?”

“Mashine ndiyo inafikiri hivyo. Nimekuja kurekebisha. Jioni saa kumi na moja orodha inafungwa.”

“Na wagonjwa iko saba sasa,” alisema. Akachomeka tena mti, na sasa akausukuma kwa nguvu kiasi kwamba maji yaliingia.

Saa nne na nusu, Yabolinga. Kilichobaki cha kijiji kilikuwa shule, kwa sababu ndiyo iko juu. Vyumba viwili vilikuwa vya watu, cha tatu cha wagonjwa. Papa Saidi aliketi barazani mbele ya sola yake, kofia ya kuswalia kichwani, nyaya zimemzunguka miguuni. Babu yake alikuja na biashara kutoka Maniema na wao wakabaki, lakini yeye mwenyewe hajawahi kuuza kitu zaidi ya umeme wa jua. Mnara wa simu wa upande ule ulikuwa umezimika tangu maji yaingie kwenye jenereta yake, kwa hiyo hakukuwa na wa kumpigia. Aliendelea kuchaji hivyo hivyo.

Watu walinizunguka.

“Mara ya pili?” kijana mmoja aliuliza. “Ile ya kwanza mulikula?”

“Ya kwanza nilikosea,” nikasema kwa sauti, ili niseme mara moja tu. “Niliweka wote namba moja, ya papa Saidi. Mashine ikawafanya wote kaya moja.”

Mama mmoja mnene aliyekuwa akimenya mihogo akamgeukia Saidi. “Kumbe sisi wote ni wabibi yako. Na hujatununulia hata kitenge.”

“Mutanifilisi,” Saidi alijibu, na watu wakacheka, wengine kwa hasira bado machoni. Akaniuliza, “Dakika ngapi kwa nyumba moja?”

“Sita.”

“Alors, tunafanya nini hapa? Musimame kwa mustari. Wenye wagonjwa mbele.”

Nikaanza. Jina. Watu wangapi. Wanawake wenye mimba. Wagonjwa. Picha. Kadi: niliisoma kwa kamera, simu ikalia, nikamkabidhi mwenye kaya na kumwambia asiitie kwenye moto wala majini. Kwenye pengo la namba ya simu niliandika sifuri kumi. Hakuna aliyeniuliza maana yake. Mzee mmoja alinitamkia majina ya wajukuu tisa, kisha akakumbuka kwamba mmoja amezikwa Jumatatu, akaniomba nifute. Nikafuta. Ilibidi niifungue fomu upya, na ile ikanila dakika mbili.

Saa sita, mvua. Tuliingia ndani, na kule ndani simu ilichelewa kutambua mahali tulipo. Ilibidi kila mwenye kaya atoke nami mvuani, tusimame chini ya jani la mgomba hadi simu ikubali. Saa saba na nusu nilikuwa na kaya ishirini na mbili, na betri imebaki sehemu ndogo nyekundu.

Saidi aliona. Alizichomoa simu zote za wateja, moja moja, akazipanga juu ya mkeka. Akachomoa na waya wa taa ya chumba cha wagonjwa. Kisha akaiunganisha simu yangu peke yake na kile kidogo kilichobaki kwenye betri ya sola.

“Jua hakuna,” alisema. “Itakupa kidogo. Usiandike maneno mingi.”

Nikaandika nimechuchumaa kando ya waya, watu wakinijia. Saa nane na dakika arobaini nilifika kaya ya thelathini na nne. Aliyefuata kwenye mstari alikuwa mama Amisa, na kitambulisho cha mumewe mkononi.

Niliandika: Saidi, jina la baba yake, watu sita. Simu haikulia. Yalitokea maandishi: kaya hii ipo tayari, imefungwa kwa uchunguzi, wasiliana na msimamizi.

Nilijaribu tena. Maandishi yale yale. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo mjini, kwa haraka, sikuliwaza. Ile kaya moja iliyobaki kwenye ramani, ile ya watu sita, ilikuwa ya Saidi mwenyewe. Namba ilikuwa yake, kwa hiyo mashine iliwakunja wote ndani ya jina lake, kisha ikamfunga yeye. Wengine arobaini ningeweza kuwaandika kama wapya. Yeye, aliyewapa namba, hakuandikika.

“Nini?” mama Amisa aliuliza.

Nikamwambia.

Alitazama simu, akanitazama. “Bon. Andika jina yangu. Mimi si Saidi. Amisa. Watu sita.”

Nitawaambia ukweli: kidole changu kilianza. Niliandika herufi tatu. Kisha nikafikiri jinsi mashine inavyofanya kazi, maana sasa nilikuwa nimeijua kwa uchungu. Inalinganisha picha, mahali, na majina ya watu wa ndani. Ingewaona wajukuu wa Saidi wale wale chini ya jina jingine, kutoka simu ile ile, siku ile ile, katika kijiji kilichokwisha kutiliwa shaka. Ingefunga tena, na safari hii isingefunga mmoja. Wale thelathini na nne walikuwa ndani ya simu yangu na bado hawajatoka.

“Mama, nikifanya hivyo wanaweza kukataa wote.”

“Wanaweza. Hujui.”

“Sijui. Lakini wanaweza.”

“Yeye njo alikupa moto ya simu yako. Ona waya. Na taa ya wagonjwa ameizima kwa sababu yako.”

Saidi alikuwa nyuma yangu. Alisikia kila kitu.

“Umemaliza wangapi?” aliniuliza.

“Thelathini na nne.”

“Wamebaki sita bila sisi. Wamalize.”

“Saidi,” mkewe alisema.

“Amisa, mutoto wa Yohana iko pale ndani anatapika. Tutamwambia nini Yohana? Kwamba tulijaribu bahati?”

Mama Amisa alikitia kitambulisho ndani ya nguo yake, akaingia chumbani. Nilifuta zile herufi tatu. Nikaita wa nyuma yake.

Saa tisa na dakika ishirini na tano nilimaliza kaya ya arobaini. Zote zilikuwa ndani ya simu, na simu haikuwa na mtandao. Mahali pekee pa kuupata, vijana walinieleza, ni katikati ya mto mkuu, ambako mnara wa ukingo wa kulia unatupa mkono wake. Niliuliza nani atanipeleka. Vijana walitazama maji. Saidi aliinuka, akavua kofia, akaikunja, akaiweka kwenye mkeka pamoja na simu za watu.

Saa kumi kasoro dakika kumi, tulitoka kwenye mkono wa mto tukaingia kwenye mto wenyewe. Sijawahi kuogopa vile. Mtumbwi ulikuwa mwembamba, maji yalikuwa vidole viwili chini ya ukingo wake. Saidi alipiga kasia amesimama, magoti yamekunjwa kidogo. Ni mtu wa zaidi ya miaka sitini.

Niliitoa simu kwenye plastiki. Betri, asilimia kumi na moja. Mtandao, hakuna.

“Mbele kidogo, papa.”

“Mbele iko mukondo.”

“Kidogo tu.”

Alisukuma. Kistari kimoja kikatokea kwenye simu, kikapotea, kikarudi. Nikabonyeza kutuma. Fomu ya kwanza ilikaa inazunguka. Ikaenda. Ya pili. Nilianza kuhesabu kwa sauti ili Saidi ajue. Tano. Sita. Mkondo ulitushika ukatuvuta chini, na kila tulipovutwa kistari kilififia; Saidi akageuza mtumbwi kuukabili mto, akapiga kasia mahali pamoja, akipambana tu tusirudi nyuma. Nilisikia pumzi yake. Kumi na nne. Kumi na tisa.

“Gugu linakuja,” alisema.

Nilitazama. Kisiwa cha magugu, kipana kuliko nyumba, kilikuwa kinashuka moja kwa moja kwetu.

“Nisipoteze mtandao, papa.”

“Utachagua, mutoto yangu. Mutandao ao uzima.”

Alikwepa upande wa ndani zaidi, si upande wa ukingo. Magugu yalitupita yakikwaruza ubao, nyoka mdogo mweusi amelala juu yake kama bwana. Nilikuwa nimeinamia simu, nimeifunika kwa mwili wote. Ishirini na saba. Hapo ikasimama. Asilimia nne. Ilizunguka, ilizunguka. Saidi aliendelea kupiga kasia.

Ikaenda. Ishirini na nane, na kisha kwa mfululizo, kana kwamba kuna mtu ameondoa jiwe njiani: thelathini, thelathini na tatu, thelathini na tisa, arobaini. Ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na nane. Nilingoja. Ujumbe wa Fiston ukaingia: “Arobaini zimefika. Duara limekuwa kubwa. Shirika la maji limeshajiandika nyuma ya boti.” Nikausoma mara mbili, simu ikazimika mkononi.

“Zote?” Saidi aliuliza.

“Zote arobaini.”

“Bon,” alisema, akageuza mtumbwi turudi kulala Yabolinga.

Ijumaa asubuhi, saa nne, boti ya papa Lokinda iliingia kwenye mkono wa mto ikipiga honi. Watu walikuwa wamesimama ukingoni tangu kuche, kila mmoja na kadi yake. Mama mnene alikuwa ameifunga yake shingoni kwa uzi kama hirizi. Nyuma ya boti ulikuja mtumbwi wa injini wenye daktari, dawa za kusafisha maji na chumvi za kuharisha. Kuanzia ujumbe wa Fiston hadi pale haikupita hata siku nzima, na hakuna aliyelazimika kwenda ofisi kwa ofisi kuwashawishi wakubwa. Walitazama ramani, wakagawana.

Papa Lokinda alinipa simu nyingine. Nilizisoma kadi, ikalia, mtu akapewa turubai, ndoo mbili, sabuni, vidonge vya maji. Ikalia, mwingine. Mtoto wa Yohana alibebwa mtumbwini na kuwekewa maji mshipani pale pale.

Saidi alikuwa barazani. Hakuja kwenye mstari. Jua lilikuwa limetoka, naye alikuwa anazichomeka simu za wateja, moja moja, na taa ya wagonjwa ya kwanza.

Nilimwendea papa Lokinda. “Ile kaya iliyofungwa, iko hapa. Unaweza kuwapa?”

“Mizigo imehesabiwa kwa kadi,” alisema. Aliangalia chini. “Nikitoa bila kadi, mimi njo nitakuwa mwizi. Wananipima nikirudi, Mwamini. Unajua.”

Nilijua. Ni kwa sababu ya kupima hivyo mizigo haipotei tena njiani.

Mama mnene alivuka uwanja na ndoo yake moja kati ya mbili, akaiweka mbele ya Amisa. Mwingine akaleta nusu ya sabuni, ameikata kwa kisu. Saidi alitaka kukataa. Mkewe hakumpa nafasi, alizipokea. Turubai hakuna aliyeweza kulikata.

Saa nane mchana tuliondoka. Nilikwenda kumuaga mama Amisa. Alikuwa anafua, na kwa muda nilidhani hatainua kichwa.

“Utarudi lini na ya kwetu?” aliuliza.

Ningependa kutaja siku. Sikuwa nayo, kwa hiyo sikuitaja. Alirudi kwenye nguo zake.

Jumamosi niliamka Mangobo, na Jumatatu nilikuwa tena mkutanoni. Sikufukuzwa. Mama Georgette aliniandikia onyo, nikatia sahihi, ni haki. Kisha akaniambia nieleze wote jambo la simu ya Yabolinga, na nilieleza mbele ya mashirika yote. Fiston ameibadilisha fomu. Sasa haidai tena namba ya mwenye kaya. Inauliza, “Akitafutwa, apigiwe wapi?” na hata watu mia wakitaja simu moja, mashine haiwakunji. Vijiji vingi vya mto vinaishi hivyo, kwa mtu mmoja mwenye sola. Ofisi haikujua, na mimi niliyejua sikufikiri kwamba ni jambo la kusema.

Hilo ndilo nililojifunza. Ramani inawasaidia watu waliotawanyika kufanya kazi kama mkono mmoja. Nimeona kwa macho yangu boti ikigeuzwa kwa nukta zilizorushwa kutoka mtumbwini. Lakini inaamini kile tunachoiambia, na sisi wenye kutembea ndio tunaoiambia.

Yabolinga sasa ni kijani. Fiston akilikuza duara lile, ndani yake kuna nukta moja yenye alama ya kufuli. Ameandika Kinshasa mara tatu. Mara ya kwanza hawakujibu. Mara ya pili waliomba nakala ya kitambulisho, tukatuma. Mara ya tatu walijibu kwamba faili linachunguzwa. Mvua zimeanza tena.

Kila Jumatatu, mkutano ukifika mwisho na mama Georgette akiuliza kama liko jingine, ninasimama na kusema jina lote la Saidi, na la baba yake, na watu sita. Wengine wameshaanza kuchoka nami. Jumatatu hii pia nilisimama, Fiston akafungua, tukatazama pamoja. Bado imefungwa, na watu wale sita wananidai.